Krismasi ya Hong Kong: Uliza Kwanza

Ukitazama kalenda ya Hong Kong utaona sikukuu 17, mbali na Jumapili. Mwaka Mpya wa Kichina una siku tatu, kuna Ching Ming ya kusafisha makaburi ya wazee, kuna kuzaliwa kwa Buddha, na zipo Pasaka na Krismasi zilizobaki tangu enzi za Waingereza.

Lakini kalenda hiyo ni ya benki, shule na ofisi za serikali. Sheria ya kazi ina orodha yake, fupi zaidi. Ilikuwa na siku 12. Tangu 2022 inaongezwa moja kila miaka miwili, hadi zifike 17 mwaka 2030. Jumatatu ya Pasaka ni ya mwaka 2026. Ijumaa Kuu inangoja 2028.

Na Krismasi je? Mwajiri ndiye anayechagua: akupe tarehe 25, au siku ya Kichina ya usiku mrefu kuliko zote, siku chache kabla, familia zinapokula pamoja.

Kwa hiyo wewe unayekuja kulea watoto au kutunza wagonjwa, uliza kabla ya kutia saini: ni orodha ipi? Sisi wauguzi tunajua wodi haifungwi. Ila mwajiri akihamisha sikukuu yako ya kisheria, lazima akuarifu saa 48 kabla na akupe siku nyingine ndani ya siku 60. Kukulipa pesa badala ya mapumziko hairuhusiwi.

Jibu ukishalipata, ndipo uwaahidi watoto nyumbani kwamba mtaongea siku ya Krismasi.