Mwenye Fataki Ndiye Mwenye Bunduki

Lugha ya taifa huhifadhi hukumu nyingi ambazo watu wake wamekwisha kusahau ni nani aliyezitoa. Miongoni mwa hukumu hizo limo neno gumegume. Asili yake ni bunduki ya zamani iliyowashwa kwa cheche ya jiwe. Leo mtu asiyefaa kitu huitwa gumegume, na mume asiyeweza kulisha nyumba yake huitwa mume gumegume. Watoto wetu wakilisikia neno hilo hudhani kwamba bunduki ile mbovu ilikuwa kazi ya mikono yetu, na kwamba babu zetu ndio walioshindwa kuunda kilicho bora. Tunasema waziwazi kwamba dhana hiyo ni uongo. Gumegume lilitoka katika viwanda vya Ulaya. Majeshi ya huko yalipopata silaha mpya katika karne ya 19, zile kuukuu zilipakiwa melini, zikaletwa Unguja na pwani ya bara, zikauzwa kwa pembe za ndovu na kwa watumwa. Mabaki ya wengine yaliletwa kwetu, na aibu ya mabaki hayo tukavishwa sisi.

Tumeanza na neno hilo kwa sababu jambo tunalotaka kulijadili ni hilohilo: namna tunavyokidharau cha kwetu na kukitukuza cha wengine, hata pale ambapo cha wengine ndicho kitufungacho. Tutatumia mfano wa bunduki, kwa kuwa hakuna chombo kinachoonyesha waziwazi zaidi tofauti baina ya kumiliki kitu na kukishika tu mkononi.

Bunduki ina mtutu, kitako na mtambo. Lakini vyote hivyo ni bure pasipo vile viitwavyo vifaa vya ziada: baruti, risasi, fataki, mdeki wa kushindilia na kusafishia, ala, mkanda. Wahunzi wa bara walijifunza upesi kurekebisha bunduki za kigeni. Walichonga vitako vipya, walitengeneza upya vyuma vilivyovunjika, na baadaye walifua magobore yao wenyewe. Hata hivyo fataki na sehemu kubwa ya baruti nzuri viliendelea kutoka pwani, na aliyeidhibiti njia ya pwani aliwadhibiti wenye bunduki wote wa bara. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, aliuelewa ukweli huo, na ndiyo maana alipigania sana njia za misafara.

Mabeberu nao waliuelewa. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia saini mkataba ulioweka mipaka ya kuingiza silaha na risasi katika sehemu kubwa ya Afrika. Mkataba huo ulivaa joho la kupinga biashara ya watumwa, na biashara hiyo kweli ilistahili kupingwa. Lakini tazameni matokeo yake: bunduki za kisasa zilibaki kwa wakoloni, na Mwafrika akaachiwa gumegume.

Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, askari wa Mkwawa wenye mikuki mingi kuliko bunduki waliliangamiza jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Zelewski, wakateka bunduki zipatazo 300 na mizinga mitatu. Huo ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini kuteka bunduki si kuteka kiwanda. Mjerumani aliyepoteza silaha zake aliagiza nyingine kwao. Mhehe aliyefyatua risasi yake ya mwisho hakuwa na pa kuagiza. Mwaka 1894 ngome ya Kalenga ilianguka. Huko Afrika Magharibi, Samori Touré alikwenda mbali zaidi: wahunzi wake waliiga kwa mkono bunduki za Kifaransa za kufyatua mfululizo. Mikono ya wahunzi hao haikukosa ustadi. Kilichokosekana ni viwanda vya kuzalisha chuma, baruti na fataki kwa wingi uliotakiwa na vita. Naye alikamatwa mwaka 1898. Mwenye fataki ndiye mwenye bunduki. Aliye na bunduki bila fataki anabeba gogo la chuma.

Wapo watakaotuambia kwamba sisi hatukuwa na msingi wowote wa ufundi, na kwamba kutegemea wengine ndiyo majaliwa yetu. Hao tunawaalika waje kwetu, Mkoa wa Kagera. Sisi wa Mbuba, katika nchi ya Bushubi wilayani Ngara, tuko jirani na maeneo ya Biharamulo na Geita ambako waliishi Warongo, watu waliojulikana kwa kazi yao ya kuyeyusha mawe na kufua chuma. Karagwe jirani, nyundo ya chuma ilikuwa miongoni mwa alama za utawala: mfalme hakuona haya kuhesabiwa pamoja na mhunzi. Na huko Buhaya, wazee waliokuwa bado wanaukumbuka ufundi wa ujana wao walijenga tena tanuri mbele ya wataalamu, wakayeyusha chuma kwa viriba na makaa. Matokeo ya uchunguzi huo yalichapishwa mwaka 1978, nayo yalionyesha kwamba tanuri za eneo hilo zilitoa chuma cha pua tangu zaidi ya miaka 1500 iliyopita. Ni watu wa namna gani basi hawa wanaoambiwa kwamba chuma kilikuja na meli?

Kilichokuja na meli ni jembe la kiwandani la bei rahisi, na pamoja nalo ikaja kasumba. Jembe lilizima tanuri. Kasumba ikazima heshima ya mwenye tanuri. Mhunzi aliyekuwa karibu na kiti cha mfalme akageuka fundi wa kuziba sufuria.

Taifa huru halikulala. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 lilijengwa wazo kwamba nchi haiwezi kujitawala kwa zana za kuazima. Mwaka 1973 likaundwa Shirika la Viwanda Vidogo, SIDO. Mwaka 1974 likaundwa Shirika la Mzinga huko Morogoro, ili risasi zitengenezwe katika ardhi yetu. Mwaka 1985 kikaanzishwa kituo cha Nyumbu, Kibaha, kwa ajili ya ufundi wa magari. Waliofanya hivyo walikuwa wamesoma historia ya Kalenga.

Sasa tuulize: ikiwa taifa liliweza kuthubutu jambo gumu, kwa nini linashindwa na jambo jepesi? Tuna mifugo mingi kupita nchi nyingi za Afrika, na magereza yetu ya Karanga, Moshi, yanashona viatu vya ngozi. Mkono ushonao kiatu cha askari hauwezi kushindwa na mkanda wa bunduki wala ala ya bastola. Tuna mninga katika misitu yetu ya miombo. Seremala achongaye kitanda cha bwana harusi ataweza kitako na sanduku la kuhifadhia. Mdeki ni chuma kilichonyoshwa tu. Lakini mwindaji mwenye kibali na mlinzi wa benki hujivunia ala kwa sababu imeandikwa lugha asiyoisoma. Ngozi inatoka ikiwa mbichi, inarudi ikiwa pambo, nasi tunalipa nauli ya safari zote mbili. Nguo ya kuazima haisitiri matako, wala ala ya kuazima haisitiri utegemezi.

Tutajibiwa kwamba silaha ni hatari, na kwamba kumsifu mhunzi ni kuwachochea majangili. Hoja hiyo tunaiheshimu, maana sisi tunaishi mpakani. Mwishoni mwa Aprili 1994 zaidi ya wakimbizi 200,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, na miaka iliyofuata silaha za vita zilienea katika mapori yetu hata mabasi yakapita Biharamulo kwa kusindikizwa na polisi. Lakini silaha zile zilizowatisha abiria hazikufuliwa chini ya mwembe. Zilikuwa bunduki za vita, za kiwandani, zilizotoka nje. Hata hivyo hatutetei gobore lisilo na kibali, ambalo nalo limeua wanyama na watu. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 ni ya haki, na kila raia aitii. Tunalosema ni kwamba kumnyang'anya mhunzi gobore bila kumpa kazi nyingine ya nyundo yake ni kufanya nusu ya kazi. Mtu huyo aingizwe SIDO na vyuo vya ufundi, afue vipuri, majembe na midomo ya plau. Na kazi ya silaha ibaki mahali pake, chini ya mamlaka ya nchi.

Wengine watasema cha nje ni imara zaidi. Pengine leo ndivyo. Lakini uimara huzaliwa na mazoezi, na mazoezi huzaliwa na mnunuzi. Fundi asiyenunuliwa kazi yake ya kwanza hataifikia ya mia.

Jambo hili si la jana tu. Huko Kabanga, wilayani kwetu Ngara, imo nikeli, madini yatiwayo katika chuma ili kiwe kigumu na kisishike kutu. Mwaka 2021 Serikali ilitia saini mkataba wa kuiendeleza, na mpango wa kuisafisha hapa nchini ukatangazwa. Tunaukumbusha umma kwamba ahadi hiyo ndiyo roho ya mkataba mzima. Nikeli ikitoka Ngara ikiwa udongo, ikarudi ikiwa kisu, bomba na mtutu, tutakuwa tumerudia biashara ya gumegume kwa jina jipya.

Nanyi walimu, mnapofundisha juu ya Lugalo, msiishie kwenye ushindi. Waulizeni wanafunzi risasi zilitoka wapi. Wapelekeni kwa mhunzi aliyebaki kijijini, wamsikilize akieleza jinsi chuma kinavyobadilika rangi motoni kabla ya kupigwa. Na mwanafunzi atakayemwita mwenzake gumegume, mwambieni lilikotoka.