Hewa Kwanza, Vioo Baadaye

Kila panapotangazwa mpango wa kujenga kituo kipya cha utafiti wa tiba, mchoro unaooneshwa huwa ni ule ule: ghorofa zilizovikwa vioo toka chini hadi juu, zikitegemea viyoyozi mchana kutwa. Maabara ya vimelea hatari haina budi kufungwa na kuvutwa hewa kwa mitambo. Hilo halina ubishi. Kosa ni kulifunga jengo zima kwa ajili ya vyumba vichache, hata ukumbi ambamo mtu mwenye kikohozi cha wiki tatu huketi bega kwa bega na mama mjamzito, wote wakisubiri kupimwa.

Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 ulipima hewa katika hospitali nane za Lima, nchini Peru. Madirisha yalipofunguliwa, vyumba vya majengo ya kabla ya 1950, vyenye dari za juu na madirisha mapana, vilibadilisha hewa takriban mara 40 kwa saa. Vya majengo mapya, mara 17. Vyumba vya kutengea wagonjwa vilivyotegemea mitambo viliishia mara 12. Majengo makuukuu, ambayo wakuu wengi huona haya kuwaonesha wageni, ndiyo yaliyokadiriwa kukinga zaidi dhidi ya kifua kikuu.

Karibu na hapa, hospitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, iliyofunguliwa mwaka 2011, iliweka njia za kupitia nje ya wodi ili wagonjwa wasirundikane ndani, ikaelekeza vitanda madirishani, na kuta zake zikajengwa na mafundi wa huko huko kwa mawe ya volkano.

Butaro ni milimani, atasema mpinzani, na pwani kuna joto na mbu. Ni kweli, dirisha tupu halitoshi. Pwani yahitaji baraza pana zenye kivuli, nyavu, na kuta zinazopokea upepo wa bahari. Umeme utakaookolewa una kazi: friji za nyuzi 80 chini ya sifuri, zinazotunza damu waliyoitoa washiriki wenyewe. Umeme unapokatika, jenereta isigawanywe kati ya friji hizo na ukumbi wa vioo uliogeuka tanuri.

Basi kabla mchoro haujatiwa saini, muuguzi wa mapokezi, mfanya usafi na mgonjwa aliyewahi kutoa makohozi waitwe mezani, waoneshwe watakapoketi.