Kolwezi–Mbuji-Mayi: saa moja ya ndege ni ya nani?

Kila mara familia za Manika zinapolalamika kwamba Kasai iko mbali, hapakosi mtu wa kuwajibu: "Mbali wapi? Ni kama saa moja tu ya ndege." Hesabu yenyewe si mbaya. Kwa mstari ulionyooka, kutoka Kolwezi hadi Mbuji-Mayi ni karibu kilomita 560. Lakini jibu hilo linadanganya, maana linapima njia ya angani wakati watu wanapita chini.

Anayekwenda kwenye kilio cha mzazi wake bila pesa ya ndege hana mstari ulionyooka. Reli inatoka Kolwezi ikielekea mashariki hadi Tenke, karibu kilomita 100, ndipo inageuka kaskazini kupitia Lubudi na Kamina mpaka Mwene-Ditu. Mbuji-Mayi kwenyewe haifiki. Msafiri anashuka na kutafuta gari kwa kilomita zaidi ya 100 nyingine. Hiyo ni safari ya kuhesabu siku, na treni ya abiria haina siku ya kuaminika. Atakapofika, marehemu amekwisha kuzikwa.

Familia nyingi zinaijua reli hiyo. Mwaka 1992 na 1993, Wakasai walipofukuzwa Likasi na Kolwezi, walilala kwenye gare majuma na majuma wakingojea treni. Kuna waliofia hapo, na kuna waliofia njiani. Wakati ule hakuna aliyewahesabia saa moja ya ndege.

Wengine watasema nchi haina uwezo. Basi waitazame shaba. Desemba 2023, shaba ya Kamoa-Kakula ilisafirishwa kwa reli kutoka Kolwezi hadi bandari ya Lobito, Angola, zaidi ya kilomita 1,700. Ilifika kwa siku nane. Shaba ina mabehewa yake, na ina watu wa kuulizia kila siku imefika wapi. Binadamu je?

Machi 2022, treni ya mizigo ilianguka Buyofwe, karibu na Lubudi, humu humu Lualaba. Watu zaidi ya 60 waliokuwa wamepanda humo walikufa. Wakasemwa kwamba walipanda kwa siri. Lakini nani anayepanda behewa la mizigo na watoto wake kwa kupenda? Anapanda humo kwa sababu treni yake haipo.

Serikali na SNCC hawaombwi muujiza. Wanaombwa treni ya abiria kutoka Kolwezi hadi Mwene-Ditu, yenye siku inayojulikana, na bei ibandikwe kwenye gare kila mtu aisome. Reli ipo, na shaba imeonyesha kwamba treni inaweza kutoka na kufika. Mpaka hapo, kiongozi anayepanda ndege aache kuwaambia watu wa Manika kwamba Kasai ni karibu. Ni karibu kwake yeye.