Nyanya Ndiyo ya Kuanzia

Kwa zaidi ya miaka kumi, sheria ya mbegu ya Kenya ilimweka mkulima aliyeuza au kubadilishana na jirani mbegu zisizoidhinishwa katika hatari ya kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 1, au kufungwa hadi miaka 2. Wakulima wadogo walikwenda Mahakama Kuu mwaka 2022, na Novemba 2025 mahakama hiyo, ikikaa Machakos, ikatamka kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Ni ushindi mkubwa. Hata hivyo, haki ya kuhifadhi mbegu haimfai asiyejua kuzihifadhi, na katika nyumba nyingi za mijini ujuzi huo umefifia kiasi kwamba mbegu za nyanya humwagwa na maganda, kisha pakiti ikanunuliwa dukani.

Ujuzi huo unastahili kurudishwa, na nyanya ndilo zao jepesi la kuanzia. Ua lake hujichavusha lenyewe kwa sehemu kubwa, kwa hiyo mche wa mwakani hufanana na mama yake hata kama jirani amepanda aina nyingine.

Sharti ni kujua aina. Cal-J, au Tengeru 97 iliyotolewa Tengeru karibu na Arusha, huzaa mbegu zinazofuata asili. Anna F1, inayopendwa kwenye vitalu-nyumba, ni chotara: mbegu zake huota vizuri, lakini miche hutofautiana, huu ukizaa matunda makubwa na ule yakiwa madogo. Mnunuzi huachiwa alama ya F1 aifumbue mwenyewe. Neno “chotara” lingepaswa kuandikwa kwenye kila pakiti, kwa herufi kubwa, ili anayetaka mbegu za kuhifadhi asipoteze msimu mzima.

Baada ya hapo kazi ni ndogo. Tunda huchumwa likiwa limeiva kabisa, kutoka kwenye mmea wenye afya na uliozaa vizuri. Hapa wengi huharibu: nyanya nzuri huuzwa au huliwa, na ile iliyodumaa ndiyo inayoachwa kwa mbegu. Mmea wenye madoa au majani yaliyojikunja usiguswe kabisa, kwa kuwa baadhi ya magonjwa ya bakteria na virusi husafiri ndani ya mbegu hadi kwenye tuta jipya.

Mbegu hukamuliwa pamoja na ute wake kwenye bilauri, zikaachwa kivulini siku mbili au tatu. Ute huo ndio unaozuia mbegu kuota zikiwa bado ndani ya tunda; ukichacha, huyeyuka. Povu na harufu kali visimtishe mtu. Akishaongeza maji na kukoroga, mbegu nzima huzama na mapepe huelea, nayo humwagwa. Zilizobaki huoshwa kwenye chujio na kuanikwa kivulini juu ya sahani. Karatasi laini haifai, maana mbegu hugandamana nayo.

Maua ni mepesi zaidi, kwa sababu hayahitaji kuchachushwa. Ua la zinia huachwa shinani mpaka kichwa kigeuke kahawia na kukauka, kisha hufikichwa mkononi. Wadudu huchanganya chavua zake, hivyo rangi za msimu ujao zinaweza kushangaza, jambo ambalo kwenye bustani ya nyumbani ni raha tupu. Asumini na waridi vina njia yake: huzalishwa kwa vipandikizi vya matawi.

Adui mkubwa, hasa pwani, ni unyevunyevu. Mbegu zilizokauka barabara huwekwa kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana, pamoja na kifuko cha majivu makavu, mahali penye ubaridi. Mbegu za nyanya zikitunzwa hivyo huweza kuota hata baada ya miaka minne.

Shule zenye bustani ndizo zenye nafasi ya kwanza ya kuueneza ujuzi huu. Gharama ni bilauri, chujio na nyanya moja, na mwanafunzi anayeanza leo atakuwa na mbegu kavu za kupeleka nyumbani ndani ya wiki mbili, zikiwa na lebo yenye jina la aina na tarehe ya kuvunwa.