Uwanja wa Talanta na Hesabu Iliyokataa

Kando ya Barabara ya Ngong, katika eneo la Jamhuri jijini Nairobi, kumeinuliwa uwanja wa watazamaji 60,000 kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, mashindano ambayo Kenya imepewa kuyaandaa pamoja na Tanzania na Uganda. Rais William Ruto alizindua ujenzi Machi 2024. Mkandarasi ni China Road and Bridge Corporation, na usimamizi uko mikononi mwa Wizara ya Ulinzi. Uwanja huo, uliofahamika tangu mwanzo kwa jina la Talanta, ni wa mstatili. Hauna njia ya riadha, kwa hiyo viti vimesogezwa hadi karibu na nyasi, na michezo inayoufaa ni kandanda na raga. Kama jengo, unastahili sifa. Kama mkataba wa fedha, ni kosa, na kosa hilo litaendelea kulipiwa wakati karibu kila mchezaji wa 2027 ameshatundika daluga.

Fedha zake hazikutoka kwenye bajeti ya kawaida. Julai 2025, hatifungani zinazoitwa Linzi 003 ziliorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Wawekezaji walitoa shilingi bilioni 44.79, nao wakaahidiwa faida ya asilimia 15.04 kwa mwaka, isiyotozwa kodi, kwa miaka 15. Malipo yao yanategemea mapato ya Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, ambao hujazwa hasa na ushuru wa kamari na bahati nasibu. Mwezi mmoja kabla ya sherehe ya kuorodheshwa, Benki Kuu ya Kenya ilikuwa imeshusha riba yake ya msingi hadi asilimia 9.75.

Wanaoutetea mradi wana hoja zao. Kenya ilipokonywa uenyeji wa Kombe la Mataifa la 1996, likaenda Afrika Kusini, na wa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ya 2018, yakaenda Morocco. Mara zote mbili maandalizi ndiyo yaliyoiangusha, na aibu ya tatu isingevumilika. Agosti 2025, CHAN ilipochezwa hatimaye Afrika Mashariki, uwanja wa Kasarani jijini Nairobi ulifurika, na ushindi wa timu ya taifa, Harambee Stars, dhidi ya Morocco ulionyesha kwamba shabiki wa Kenya huja anapopewa sababu ya kuja. Aidha, Kasarani, iliyojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, ina njia ya riadha inayomweka shabiki mbali na mpira. Hoja hizi zinaonyesha kwamba uwanja mzuri unahitajika. Hazigusi swali la bei yake, wala la nani anailipa.

Jibu la swali hilo linahitaji hesabu ya darasa la nane tu. Asilimia 15.04 ya bilioni 44.79 ni takriban shilingi bilioni 6.7, nayo ni riba ya mwaka wa kwanza peke yake. Deni la namna hiyo likilipwa kwa mafungu sawa kila mwaka kwa miaka 15, kila fungu linakuwa kama bilioni 7.7, na jumla yake inakaribia bilioni 115. Fedha zilizokopwa zikigawanywa kwa viti 60,000, kila kiti kimekula shilingi 746,500. Riba ikiongezwa, kiti hicho hicho kinakaribia shilingi milioni 1.9.

Bilioni 7.7 kwa mwaka ni kama shilingi milioni 21 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Mashabiki 60,000 wakijaza uwanja kwa tikiti ya shilingi 200, kiasi ambacho shabiki wa kawaida wa ligi amekizoea, mlangoni zitapatikana milioni 12. Kwa hiyo uwanja ukijaa pomoni kila siku ya mwaka, bila mchezaji kupumzika na bila nyasi kupumua, bado kila jioni utakuwa umepungukiwa na milioni 9. Tikiti ikipandishwa hadi shilingi 500, zitahitajika mechi 256 za kujaza uwanja kila mwaka. Ikifika shilingi 1,000, mechi 128. Hapo bado mlinzi, mkata nyasi, umeme na maji havijalipwa. Katika ligi ya Kenya, mechi yenye hakika ya kuleta umati ni ile ya Mashemeji, kati ya Gor Mahia na AFC Leopards, na ratiba huwakutanisha mara mbili kwa msimu.

Hakuna hesabu ya kiingilio inayoweza kuuokoa mkataba huu, na walioutia saini walijua. Ndiyo maana dhamana iliyowekwa ni ushuru wa kamari, si tikiti. Kijana wa Kawangware, mtaa usio mbali na uwanja huo, anabashiri kwenye simu matokeo ya Arsenal na Chelsea kwa shilingi 50 alizobakiza baada ya chakula. Akipoteza, sehemu ya shilingi zake inapitia kwenye ushuru hadi kwenye Mfuko, na kutoka kwenye Mfuko hadi kwa mwenye hatifungani. Serikali ambayo kila mara huonya vijana kuhusu balaa la kamari sasa imeahidi wawekezaji, hadi mwaka 2040, mapato yanayotegemea vijana hao waendelee kucheza na kuliwa. Kuuita mpango wa namna hii ubunifu wa kifedha ni kuwadhihaki wanaoulipia.

Watetezi wake husema pia kwamba mpango huu haukuongeza deni la taifa. Hilo ni suala la daftari tu. Fedha zitakazolipwa ni za umma, zimetozwa kwa sheria ya ushuru, na zilikuwa na kazi nyingine kabla ya kuwekwa rehani. Mfuko uliundwa kuhudumia michezo yote, sanaa na mahitaji ya jamii, ikiwemo afya. Timu za taifa za Kenya zina historia ndefu ya migomo ya posho. Huko Iten, uwanja wa Kamariny, ambako mabingwa wa dunia walikuwa wakifanyia mazoezi, ulichimbuliwa ili ukarabatiwe, kisha kazi ikakwama kwa miaka, na wanariadha wakarudi kukimbia barabarani. Kila shilingi itakayokwenda kulipa riba ya Talanta itakuwa haikwenda huko. Nchi iliyojulikana ulimwenguni kwa mbio imeweka rehani mfuko wa michezo kwa ajili ya uwanja usio na njia ya kukimbilia.

Shaka kuhusu matumizi ya baadaye inapozuka, raga ndiyo hutajwa. Kenya ina jina katika raga ya wachezaji saba: Shujaa walitwaa ubingwa wa Singapore mwaka 2016 kwa kuifunga Fiji 30-7. Lakini Safari Sevens, iliyoanza 1996, ni mashindano ya siku chache kwa mwaka. Simbas, timu ya wachezaji 15, haijawahi kufika Kombe la Dunia, na nafasi ya 2027 ilichukuliwa na Zimbabwe. Zaidi ya hayo, raga ina makao yake ya miaka mingi, uwanja wa RFUEA, kando ya barabara hiyo hiyo ya Ngong.

Afrika Kusini imeshaonyesha jambo hili huendaje. Uwanja wa Cape Town, uliogharimu zaidi ya randi bilioni 4, ulichezewa mechi nane za Kombe la Dunia la 2010. Mwaka huo huo, ubia uliotarajiwa kuuendesha ulijiondoa, na hasara ikaliangukia jiji. Timu ya raga ya jiji iliendelea kubaki Newlands, uwanja wake wa zamani, na haikuhamia hapo hadi 2021. Huko Durban, timu ya raga ya Sharks ilibaki Kings Park, jirani kabisa na uwanja mpya wa Moses Mabhida. Mpangaji mwenye nyumba yake hahami kwa sababu jirani amejenga ghorofa.

Majirani wa Kenya wamejipima kwa kiasi. Tanzania, yenye Uwanja wa Mkapa wa watazamaji 60,000 uliofunguliwa 2007, imejenga Arusha uwanja wa 30,000. Uganda imechagua 20,000 kwa Hoima.

Uwanja hauwezi kubomolewa, na hatifungani zitalipwa, kwa kuwa dawa ya deni ni kulipa. Kinachowezekana ni kupunguza maumivu. Sheria iweke kikomo cha sehemu ya Mfuko inayoweza kwenda kwenye deni hili, ili riadha, voliboli na sanaa zibakiwe na fungu lisiloguswa. Mikataba ya wapangaji, wa kandanda na wa raga, itiwe saini kabla ya filimbi ya kwanza ya 2027. Na mapato ya Mfuko pamoja na kila malipo kwa wawekezaji yatangazwe kila nusu mwaka, hadi fungu la mwisho litoke.