Umeona Landi Mzee kwa Mnada Isiolo? Piga Hesabu Kabla Uinue Mkono

Hebu fikiria hivi. Uko Isiolo, jua limewaka, umesimama kwa yadi ya magari ya serikali yaliyostaafu. Katikati ya pickup zilizochoka unaona Landi mzee, Series III, rangi imefifia lakini sura iko pale pale. Dalali anaanza na laki moja na nusu. Moyo unadunda. Jamaa kando yako anakunong'onezea, "Buda, hii ukiiosha tu inaenda mita moja."

Hapo ndipo wasee wengi huchomeka. Na doh unayocheza nayo ni ya Sacco, ama ya chama ya mamako. So tuongee polepole.

Kwanza, hype ni ya ukweli

Land Rover ya kwanza ilitoka 1948. Series III ilianza 1971. Defender ya mwisho ya lile umbo la kitambo ilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, Januari 2016. Ongeza sheria ya Kenya: gari la mtumba likizidi miaka minane, kwa kawaida haliingii nchini. Huwezi kuagiza Landi ya 1975 vile watu huagiza Vitz. Zile ziko hapa ndizo hizo.

Na watu wanazipenda. Oktoba 2024, Arusha ilijaa mamia ya Landi kwa tamasha. Huku kwetu kaskazini ni historia ya familia: kabla lami ya Isiolo kwenda Moyale ikamilike, safari ya Marsabit ilikuwa mawe na vumbi, na Landi na malori ndiyo yalibeba watu.

Lakini kuwa chache haimaanishi kila moja ni dhahabu. Kuna gari la kitambo, na kuna gari limezeeka tu.

Unanunua kazi ama kumbukumbu?

Hili ndilo swali la kwanza, na ukikosa kulijibu hesabu yote inaenda kombo.

Thamani ya kazi ni hii: itabeba nini, itafika wapi, itakula ngapi kwa mwezi. Thamani ya kumbukumbu ni tofauti: iko vile ilitoka kiwandani? Historia yake inajulikana?

Fungua boneti. Ukikuta injini ya Isuzu ama Toyota, kwa msee wa kubeba mbuzi kutoka Archer's Post hiyo ni habari poa, spea ziko kila kona. Kwa mtu anayekusanya magari ya zamani, hiyo ndai imepoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Gari ni moja, bei ni mbili. Ukilipa bei ya kumbukumbu upate gari la kazi, umeumia.

Karatasi ndiyo doh

Januari 2020, huko Florida, Marekani, ile Ford Mustang ya 1968 ya filamu ya Bullitt ilipigwa mnada. Ilikuwa imechakaa, haijarembeshwa. Nyundo iligonga kwa dola milioni 3.4, lakini mnunuzi alilipa milioni 3.74, juu ada ya kampuni ya mnada inakuja juu ya nyundo. Familia iliyoiuza ilikuwa imeinunua 1974 kwa dola 6,000 hivi.

Kilichopandisha bei ni ushahidi: namba ya chesisi na barua za zamani, zikiwemo za Steve McQueen mwenyewe. Bila hizo, hiyo ni Mustang mzee yenye kutu.

Sasa rudi Isiolo. George Adamson, afisa wa wanyamapori ambaye na mkewe Joy walimlea simba Elsa kuanzia 1956, alikuwa na kituo chake hapa. So mtu akikuambia "hii ilikuwa ya Adamson," usibishane naye. Muulize tu: logbook iko wapi? Picha ziko wapi? Hadithi bila karatasi bei yake ni sufuri.

Hata kama hutaki historia, linganisha namba iliyogongwa kwenye chesisi na ya injini na zile ziko kwa rekodi za NTSA. Zikikataana, utanunua gari ambalo huwezi kulihamishia jina lako. Uliza mapema pia nani anashughulikia uhamisho, na barua za mauzo zinatoka lini.

Bodi inadanganya

Bodi ya Landi ni aluminiamu, haishiki kutu ya kawaida. Chesisi ni chuma, inashika. Ndio maana gari linaweza kung'aa juu na kuoza chini. Lala chini na tochi, gonga chuma na bisibisi. Hewa yetu kavu inasaidia, lakini kama gari liliishi Mombasa, chumvi ilishafanya kazi yake. Na lile lililokaa kwa barabara za mawe, tafuta nyufa na welding ya haraka haraka. Usiende peke yako. Fundi umlipe kidogo siku ya ukaguzi kuliko umlipe mwaka mzima.

Hesabu yenyewe

Hizi ni namba za mfano tu, weka zako. Nyundo imegonga 300,000. Breakdown 20,000. Tairi 60,000. Breki na klachi 45,000. Injini 120,000. Chesisi 50,000. Waya na taa 25,000. Karatasi, ukaguzi na bima 20,000. Hiyo ni 640,000. Ongeza 50,000 ya mambo usiyoyaona, juu hayakosi. Umefika 690,000.

Kama Landi ya aina hiyo, inayotembea, inauzwa 600,000 mtaani, umepoteza 90,000 na miezi sita ya stress.

So anza nyuma. Chukua ile 600,000, toa gharama zote za 340,000, toa 50,000 ya dharura. Inabaki 210,000. Hiyo ndiyo bei yako ya mwisho. Iandike kwa karatasi kabla dalali afungue mdomo. Ikifika 215,000, shusha mkono.

Na kumbuka mnada ni "ilivyo, mahali ilipo." Hakuna warranty, hakuna kurudisha. Soma tangazo: amana ni ngapi, unamaliza kulipa lini, na ukichelewa kuondoa gari unatozwa nini.

Kuna watu watanunua Landi kwa hasara wakiwa wanajua, juu babu yao aliendesha moja kama hiyo. Hiyo ni sawa kabisa, mapenzi pia yana bei. Mradi ni doh yako, si ya chama, na unajua ni ngapi kabla nyundo igonge.