Raba ya Kabureta na Harufu ya Petroli Ghalani



Leo twataka kusema juu ya kitu kidogo mno, nacho ni ile pete ya raba iliyomo katika kabureta ya pampu ya maji. Labda wako watakaocheka, wakasema kwamba chama cha wakulima wa karafuu kina mambo makubwa zaidi ya kunena. Kweli yapo. Lakini mche wa kitaluni haungoji mikutano. Jua la kaskazi likishika, pampu ikalala siku nne kwa ajili ya kuvuja, miche hukauka, na aliyepoteza mche mwaka huu amejiongezea mwaka katika ile miaka sita au zaidi anayongoja kabla hajachuma.

Kabureta ina bakuli chini yake. Petroli huteremka kutoka tangini ikajaa bakulini, na mle ndani mna boya, mfano wa lile boya la tangi la maji la chooni. Boya likipanda huisukuma sindano ikaziba tundu. Baina ya bakuli na mwili wa kabureta ndipo ilipolazwa pete ya raba. Raba hiyo huzeeka: huwa ngumu, hupasuka, au hubonyea ikawa bapa, na petroli ikaanza kutoka tone kwa tone.

Mashambani twaona dawa mbili, wala hatuipendi hata moja. Ya kwanza ni kupaka gundi ya gasketi. Gundi hiyo haivumilii petroli; hulainika, vipande vyake vikamomonyoka na kwenda kuziba vijitundu vya kabureta, na aliyekuwa na ugonjwa mmoja sasa ana miwili. Ya pili ni kukata pete kutoka mpira wa ndani wa baiskeli. Mpira huo umefanywa kuzuia upepo, si petroli. Ukiloa huvimba, na bakuli halikai tena mahali pake.

Dawa ni raba mpya ya kabureta ile ile. Ila kwanza yafaa kujua kama raba ndiyo yenye kosa, maana mara nyingi husingiziwa. Pangusa kabureta mpaka ikauke, fungua bilula ya petroli bila kuwasha mashine, ukatazame kwa muda wa dakika tano. Unyevu ukitokea kwenye kiungo cha bakuli, ni raba. Ukitokea chini kabisa, penye bolti, ni washa ya bolti hiyo. Petroli ikimwagika kwa juu au kupitia chujio la hewa, basi sindano haizibi au boya limetoboka, na hata raba kumi hazitakusaidia. Hapo nusa na oili pia: ikinuka petroli, imwage uweke nyingine kabla ya kuwasha.

Kazi yenyewe haishindi mtu mwangalifu. Mashine iwe imepoa, uwe nje, pasiwe na sigara wala moto. Funga bilula. Katika injini ya Honda GX160, na nyingi zilizofanywa kwa mfano wake, bakuli limeshikwa na bolti moja tu, nayo hufunguliwa kwa spana namba 10. Toa raba kuukuu, safisha mfereji wake kwa kitambaa, wala usiukwaruze kwa kisu, kisha laza mpya bila kuipinda. Kaza kwa kiasi, kwani madini ya kabureta ni laini na nyuzi zake zikiliwa hazirudi. Raba iliyokwisha kuloa petroli huwa imetanuka, hairudi mferejini kwa urahisi. Kwa hiyo usifungue bakuli kabla hujawa na raba mpya mkononi.

Sasa tuseme linalotuudhi zaidi. Wako wenzetu ambao, pampu ikivuja, huiingiza usiku katika ghala ya karafuu kwa kuogopa wezi. Wezi wapo, hatukatai. Lakini mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni mpaka ukutane na kibatari au jiko. Hata usipowaka, karafuu kavu hushika harufu, na gunia lililonuka petroli halipoi upesi kwa kuanikwa. Mtu amelipa wachumaji, amechambua makonyo, ameanika kwa siku nyingi huku akichungulia mawingu, kisha mali yake inaharibiwa na raba! Pampu na ilale penginepo, nayo imalizwe petroli: funga bilula, iache mashine ingurume mpaka izime yenyewe, kisha mimina yaliyosalia bakulini.

Rai yetu ni kwamba kila tawi liweke kikopo cha raba na washa za pampu zilizo nyingi kwa wanachama wake. Wako wasemao hiyo si kazi ya chama, na kwamba tutawanyang'anya mafundi riziki. Hatuoni hivyo. Fundi asiyekuwa na raba humwambia mkulima anunue kabureta nzima, naye fundi hafaidi chochote katika ununuzi huo. Akiipata raba tawini, atalipwa ujira wake, na mkulima atamwagilia jioni ile ile.

Mwenye mashine ya namna nyingine, ambayo bakuli lake limefungwa kwa skrubu tatu au nne, na aje tawini na bakuli lenyewe. Raba zake zina umbo jingine, wala hazichaguliki kwa maelezo ya mdomo.